Mbao Zilizolala

Fundi Hemedi tulimzika Jumatano, Buguruni, na kabla jeneza halijatoka mtu mmoja alisimama akamsamehe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitia kalamu mkononi. Bila hilo ningeendelea kukaa kimya kama nilivyokaa miaka kumi na minane, na kukaa kimya ni kazi ninayoiweza. Sisi wanawake tulikuwa ndani, tumebanana kwenye mikeka, mimi nimejitanda khanga niliyoazimwa na jirani mlangoni, maana nilitoka nyumbani nimevaa kama naenda kikao cha wazazi. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai. Spika ilikuwa inakoroma lakini maneno yalisikika. Msemaji wa familia alitangaza kama ilivyo ada: mwenye haki yake kwa marehemu, au aliyekosewa naye, ajitokeze aseme. Halafu sauti ya mtu mzima ikasema, "Mimi naitwa Khalfan Nassor, wa Kariakoo. Marehemu mama yangu, Bi Shamsa, alifia dukani kwetu, siku dari alilojenga Mzee Hemedi lilipoanguka. Wengi mnajua. Nasema mbele yenu kwamba sisi tulishamsamehe. Hatuna kinyongo naye, na Mungu naye amsamehe." Wanawake waliokaa karibu nami wakasema masha'Allah, wakasema watoto wa Nassor wana imani, na mmoja akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa naangalia ukingo wa mkeka, kwa sababu kosa alilosamehewa Hemedi siku ile lilikuwa langu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na hakuna nisichokijua. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesoma hesabu, na badala ya kwenda kufundisha nikaangukia kwa Mhandisi Lyimo, mzee wa Kichaga aliyestaafu serikalini akafungua ofisi ya vyumba viwili Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya pili, juu ya duka la zipu na vifungo. Wahandisi wakubwa walikuwa Posta wakichora maghorofa. Mzee Lyimo alichukua kazi walizozidharau: ngazi za chuma, vivuli vya mbele ya maduka, majukwaa ya matangi ya maji, na zaidi ya yote madari. Anayeijua Kariakoo anajua dari ninalosema. Duka ni jembamba, mzigo hauna pa kukaa, basi mwenye duka anapigisha mbao kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya vichwa vya wateja, anapata chumba cha pili hewani na kukijaza marobota ya vitenge mpaka yaguse paa. Chini watu wananunua. Wengi waliyajengesha kwa macho tu, fundi akakuna kichwa akasema weka sita, weka nane. Wachache, walioogopa au walioshauriwa na ndugu zao, walipanda ngazi zetu kupigiwa hesabu kwanza.

Chumba cha mbele kilikuwa na meza ya kuchorea, birika la umeme lililorusha cheche, na kompyuta ambayo kioo chake kilikuwa na kisogo kirefu kuliko uso. Dirisha lilitazama paa la jirani, ambako mtu alianika mashuka ya gesti kila siku ya Mungu. Mchana Mama Ashura wa chini alituletea wali maharage na mchicha kwenye sahani za bati zilizofunikwa sahani nyingine, na Ijumaa pilau. Mzee Lyimo alikula pilau ile akiisema vibaya, kwamba mchele umejaa iliki kama dawa, na hakuacha hata punje. Chini tulisikia siku nzima wapiga debe wa maduka, na sauti ya mikokoteni, na watu wakibishana juu ya zipu. Nilikuwa na furaha pale. Naliandika hili mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani nilikuwa mtu wa huzuni, na sikuwa. Nilikuwa mtu wa haraka tu.

Mzee alikuwa na desturi mbili ambazo sijaziona kwa mhandisi mwingine. Ya kwanza, fomula zake zote aliziandika kwa herufi za Kiswahili. Vitabu vyote tulivyosomea vinaandika b kwa upana wa mbao na h kwa kimo chake. Yeye aliandika u na k. Mzigo ulikuwa m, nafasi kati ya kuta ilikuwa n. Ya pili, fundi atakayefanya kazi alilazimika kuja ofisini, kukaa kwenye kiti, na kusomewa fomula kabla namba yoyote haijaingizwa. Nilimwuliza mara moja kwa nini anapoteza nusu saa ya kila fundi. "Mbao ataishika yeye," akasema, "sio mimi, wala sio wewe. Aione hesabu ikiwa bado na herufi. Ukishaweka namba, hesabu inafunga mdomo." Nikamtania kwamba hata kompyuta haina subira ya namna hiyo. "Ndio maana haijengi," akajibu.

Fundi wetu wa mbao alikuwa Hemedi, mtu wa miaka arobaini na kitu wakati ule, mwembamba, kalamu ya risasi sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliishia darasa la saba lakini fomula ya Mzee Lyimo aliisoma kama mtu anavyosoma kibao cha mtaa wake. Uwezo wa mbao kubeba: upana mara kimo, mara kimo tena, gawanya kwa sita. "Kimo kinaingia mara mbili," alinieleza siku ya kwanza, kana kwamba mimi ndiye niliyeishia darasa la saba. "Ndio maana mbao ikilala inanesa, ikisimama inakaza. Hiyo hata bila herufi mkono unaijua." Akachukua rula yangu ya mbao, akailaza kati ya vitabu viwili akaibonyeza, ikabonyea. Akaisimamisha kwa ubavu, akabonyeza tena, ikagoma. Nilicheka nikamwambia nimesoma miaka mitatu chuoni kujifunza hilo. Akacheka na yeye.

Nilikuwa nimeleta kutoka chuoni programu ya aljebra, ya bure, kwenye diski, na hapa lazima nieleze kitu kimoja, kwa kuwa mtu amekufa kwa sababu yake. Programu ile ilikuwa na njia mbili za kushika hesabu. Njia ya kwanza ni kuacha fomula ikiwa na herufi. Unaandika u mara k mara k gawanya kwa sita, nayo inakaa hivyo kwenye kioo, nzima, unaweza kuifupisha, kuigeuza, kuuliza kimo kiwe kiasi gani ili uwezo uwe huu. Ukitaka kuweka namba unataja herufi kwa jina: u ni tatu, k ni sita. Njia ya pili ni kuigeuza fomula ile kuwa fanksheni. Fanksheni haikuonyeshi tena kitu ndani. Unaipa namba mbili, inakupa jibu moja, upesi, ni kama dirisha la kukatia tiketi. Haikuulizi majina. Namba ya kwanza inakwenda kwa herufi ya kwanza, ya pili kwa ya pili, basi. Mzee Lyimo aliipenda njia ya kwanza na hakutaka kusikia ya pili. Mimi niliiona ya kwanza kama kazi ya mtu anayehesabu vidole.

Mwezi wa tatu macho ya Mzee yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Kazi zilikuwa nyingi kabla ya Ramadhani, na yeye hakuweza tena kusoma kioo. Nikaona nafasi yangu. Nikageuza fomula zake zote kuwa fanksheni, ili fundi akija nitupie namba na jibu litoke kabla hajakaa. Programu ilikuwa na mahali pa kuandika herufi zako kwa mpangilio unaoutaka. Nilipaacha wazi, kama nilivyozoea chuoni, na chuoni haikuwahi kuniletea shida. Nikajaribu kwa mbao ya nne kwa nne, nikalinganisha na jibu la Mzee la mkono, yakalingana mpaka nukta ya mwisho. Nikamwita. Akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akakunja macho, hakuona kitu.

"Nisomee," akasema.

"u mara k, mara k, gawanya kwa sita."

"Rudia."

Nikarudia. Fomula ilikuwa sahihi, herufi kwa herufi. "Haya," akasema, "lakini haraka haraka haina baraka, Vero." Nikamwambia baraka iko njiani, imekwama kwenye foleni ya Msimbazi. Alicheka, akarudi chumbani kwake akipapasa ukuta.

Miezi iliyofuata tulifanya kazi nyingi kuliko wakati wowote, na mafundi walianza kututania. Mbao zetu zilikuwa nyingi mno. Dari ambalo zamani lingebebwa na mbao sita, mashine yangu ilitaka kumi na mbili. "Ofisi yenu siku hizi inajengea tembo," Hemedi alisema siku moja akiwa na kikombe cha chai. Mzee aliposikia alidhani nimeongeza tahadhari kwa kuwa mgeni kwenye kazi, akafurahi, akasema afadhali hivyo. Mimi nilidhani Mzee zamani alikuwa akipunja. Kila mmoja alimwekea mwenzake sababu, na hakuna aliyefungua hesabu kuangalia. Mbao zote zile zilikuwa za kusimama, tatu kwa sita, kimo kikubwa kuliko upana, kama kawaida ya kila dari. Kosa lilikuwepo kila siku, likituelekeza upande wa usalama, na madari yale mengine mpaka leo yamesimama imara kupita kiasi.

Mwezi wa saba akaja Bwana Nassor, mzee wa Kiarabu mwenye duka la vitenge karibu na soko, mpole, mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Alikuwa na mkewe, Bi Shamsa, ambaye ndiye hasa aliyekuwa na duka kichwani mwake. Bwana Nassor alikuwa akisema sentensi na yeye akiimalizia. Shida yao ilikuwa kwamba paa la duka ni fupi. Mbao zikisimama inchi sita, wateja warefu wangegonga vichwa, na watu wa kazi kule juu wangetambaa. "Haziwezi kulala?" Bi Shamsa aliuliza. "Nyembamba lakini pana?" Akanionyesha kwa kiganja, akakigeuza kikalala. Aliniletea halua siku ile, kwenye kikapu kidogo cha ukindu, akasema nina macho ya mtu asiyekula mchana. Nikaingiza namba mbele yao. Upana sita, kimo tatu. Mashine ikajibu kwamba zinatosha, tena zimezidi.

Hemedi alikuja kesho yake kuchukua karatasi. Mzee Lyimo alikuwa amekwenda kupimwa macho, kwa hiyo hakukuwa na kusomeana fomula. Nilimpa karatasi yenye majibu. Alisimama mlangoni akiitazama muda mrefu. Nakumbuka alikuwa amevaa kandambili za rangi mbili tofauti, kushoto bluu, kulia kijani.

"Hizi zimelala, mwanangu," akasema.

"Ndiyo, fundi. Wenyewe wanataka hivyo. Paa fupi."

"Na idadi ni hii hii? Mbona za kusimama mwezi uliopita zilikuwa nyingi kuliko hizi?"

Nilikuwa na kazi nyingine mezani. Nilimjibu bila kuinua macho. "Mashine imesema zinatosha."

"Umeangalia vizuri?"

"Fundi, mashine haikosei kuzidisha."

Akakunja karatasi, akaiweka mfuko wa shati. "Sawa," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma." Hakulisema kwa kejeli. Nimeligeuza neno lile miaka yote hii nikitafuta kejeli ndani yake, ili nipate mahali pa kumlaumu, na haimo.

Dari lilikaa miezi minne. Mbao haivunjiki siku ya kwanza, inachoka. Marobota ya sikukuu ya mwisho wa mwaka yaliingia mwezi wa kumi na moja, na siku ya Jumamosi, saa tano asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, tulisikia watu wakikimbia Narung'ombe wote upande mmoja. Mama Ashura alipanda ngazi akihema akasema dari la Nassor limeanguka. Nilishuka. Sikuweza kufika mlangoni kwa umati, lakini niliona vumbi jeupe likitoka dukani kwa taratibu, na wapagazi wakipokezana marobota kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, bila kusema. Walikuwa wanayapanga barabarani vizuri kabisa, kana kwamba wanashusha mzigo. Bwana Nassor alikuwa amekaa kwenye robota mojawapo, kanzu yake haina doa, na Khalfan, kijana wa umri wangu, alikuwa ndani akichimba. Wateja walikuwa wametoka dakika chache kabla. Bi Shamsa peke yake ndiye aliyekuwa chini, akipima kitenge mezani. Walimtoa akiwa ameshafariki.

Polisi walimchukua Hemedi jioni ile ile. Alikaa ndani siku nne, kisha familia ikasema haina la kudai, ni kazi ya Mungu, akatolewa. Siku ya sita wazee wa mtaa walikutana dukani kuzungumza yaishe, na sisi tuliitwa. Mzee Lyimo alikuja na bandeji kwenye jicho la kwanza lililofanyiwa upasuaji, nikimshika mkono. Hakuna aliyeuliza habari ya hesabu. Nimelifikiria hilo sana. Watu wote walizitazama mbao, kwa kuwa mbao zilikuwa pale, zimevunjika, unaweza kuzigusa. Hesabu ilikuwa karatasi mfukoni mwa mtu. Na kabla mtu hajauliza lolote, Hemedi mwenyewe alitoka mbele, akainua kipande cha mbao iliyokatika, akaonyesha kwa kidole mahali ilipoachia.

"Hapa pana kifundo," akasema. "Nilikiona wakati naichagua. Nikasema ni kidogo, kitahimili. Hesabu walinipa vizuri. Mkono wangu ndio uliokosea." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Kifundo chenyewe, alama ya tawi ndani ya mbao, kilikuwa cha ukubwa wa kifungo cha shati. Hakusema kwamba aliniuliza. Alinitazama mara moja, si kwa kunionya wala kuniomba, akatazama chini. Mimi wakati ule sikujua bado. Nilifarijika, na nilimwonea huruma, na usiku nililala.

Nilijua wiki iliyofuata. Ofisi ilikuwa tupu, wateja wamekata mguu, na mimi nilitaka kujipa moyo kwa kuipitia tena hesabu ya Nassor. Safari hii niliifanya kwa njia ya Mzee, kwa herufi, kwa kuwa sikuwa na haraka yoyote tena. Nikaandika u ni sita, k ni tatu. Sita mara tatu, mara tatu, gawanya kwa sita. Tisa. Nikaangalia karatasi ya zamani. Ilikuwa imeandikwa kumi na nane. Nilidhani nimekosea kuandika, nikarudia, ikaja tisa. Ndipo nikaiambia programu inionyeshe ile fanksheni yangu inapokea herufi zake kwa mpangilio gani, na ikaandika kwenye kioo: k, u. Pale nilipopaacha wazi ilijipangia yenyewe, kwa alfabeti. Mimi nilikuwa nikiipa upana kwanza, kimo baadaye, kama mdomo unavyotamka, nayo ilikuwa ikichukua upana kuwa kimo. Chuoni, kwa b na h za vitabuni, alfabeti na mdomo vilikubaliana, na sikuwahi kujua kwamba ni bahati. Mbao za Nassor zilikuwa zimelala, na mashine ilizihesabu zimesimama. Nusu ya nguvu niliyoiandika haikuwepo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzima kompyuta.

Nilikwenda kwa Mzee Lyimo, nyumbani kwake, mchana. Alikuwa amekaa sebuleni gizani, mapazia yamefungwa kwa ajili ya macho, redio inazungumza kwa sauti ya chini. Nilimweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniomba nimsomee fomula. Nikamsomea kwa kichwa.

"Fomula ni sahihi," akasema.

"Fomula ni sahihi, Mzee. Namba ndizo zilizoingia pasipo pake."

Mkewe alipita akatuwekea ndizi za kuchoma na akatoka. "Hemedi ameshasema ni kifundo," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na wenyewe wameshamwachia Mungu."

"Ndiyo."

"Basi," akasema, akageuza uso upande wa redio. Nilifurahi. Sina neno lingine la kuliandika hapa, nimelitafuta. Nilitembea kutoka kwake nikiwa mwepesi, kwa sababu mkubwa wangu alikuwa ameamua, na mimi nilikuwa mdogo. Kufikia mwaka mpya alifunga ofisi akarudi kwao Rombo, na huko alifariki miaka michache baadaye, akiona vizuri. Sijawahi kumlaumu hadharani na simlaumu sasa. Alisema neno moja tu. Miaka yote iliyofuata nimelisema mimi mwenyewe, kila siku, hilo hilo.

Hemedi hakupata tena kazi Kariakoo. Hakuna aliyemtukana, walimsalimia vizuri na kumpa kazi mtu mwingine. Alihamia Buguruni, akauza vifaa vyake, msumeno, randa, timazi, vyote, akaanza kuuza mkaa. Nilikutana naye mara moja, miaka kama kumi iliyopita, nilipopita pale kutafuta fundi wa gari. Ameketi kwenye kigoda, mikono myeusi, makopo ya mkaa yamepangwa mbele yake. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Bado uko kwenye hesabu?"

"Bado. Nafundisha sekondari sasa."

"Vizuri sana," akasema, na alimaanisha. "Hesabu nzuri. Hesabu haina kifundo." Akanifungia makopo mawili kwenye mfuko, akaniongezea la tatu. Nilifika kwenye gari nikakaa, mkaa mapajani, nikajiambia nitarudi Jumamosi kumwambia. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu na ilikuwa ya lami. Shuleni wanafunzi huniita Madamu Mpangilio, kwa kuwa mtu asiyeandika herufi zake zinaingia kwa mpangilio gani namkata maksi zote, hata jibu likiwa sahihi. Wanadhani ni ukali tu. Wazazi wengine wamewahi kuja kulalamika.

Baada ya msiba niliacha siku tano zipite, watu wapungue, nikarudi Buguruni mchana. Mjane wake, Bi Mwanahawa, alikuwa kwenye eda, amekaa chumbani kwenye godoro, nguo nyeupe, akichambua mchele kwenye ungo. Hatukuwa tunafahamiana. Nilimwambia jina langu na nilikofanya kazi mwaka ule, akasimamisha mkono juu ya mchele. Nilijua nikianza kwa kuzunguka sitafika, kwa hiyo nilisema moja kwa moja: kwamba kifundo hakikuvunja mbao, kwamba namba nilizompa mumewe zilikuwa za mbao zilizosimama, na zake zilikuwa zimelala. Nilijiandaa kumweleza herufi na fanksheni na alfabeti. Hakuhitaji. Alikuwa mke wa seremala.

"Mbao ikilala inanesa," akasema.

"Ndiyo."

"Aliniambia alikuuliza." Aliokota chuya akaiweka pembeni. "Alisema, nilimuuliza yule binti, akanijibu. Yule amesoma, hawezi kukosea. Kwa hiyo ni mimi. Akawa anakishika kile kipande usiku, anakigusa pale penye kifundo. Wanawe walitaka kujifunza kazi, akawakatalia. Aliwaambia mkono wake umeua mtu." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ulijua lini?"

"Wiki ya pili."

Nje mtu alikuwa anapiga pampu ya baiskeli, akaacha, akaanza tena. Nikamwambia nitakwenda kwa Khalfan Nassor kesho yake, nimweleze yeye na ndugu zake, na kama atataka nitasema msikitini, au serikali ya mtaa, mahali popote alipotajwa Hemedi kwa ubaya. Nikamwambia nitawaambia watoto wake mwenyewe, mmoja mmoja. Nilikuwa nalia, na nilijichukia kwa kulia mbele yake, kwa sababu hakuwa analia.

"Nenda," akasema. "Kwa Khalfan nenda. Watoto nitawaambia mimi."

Nikainuka. Alirudisha macho kwenye ungo, akaupepeta mara mbili, na nilipofika mlangoni akazungumza tena, taratibu, kama anayejikumbusha jambo la nyumbani.

"Ilikuwa miguu tu iliyomsumbua, dada. Mpaka Jumatatu jioni alikuwa anasikia kila alichoambiwa."